Dereva na Mmarekani Wake

Mtaani kwetu Plumstead, dakika kumi kwa basi kutoka Woolwich, kila mtu alimwita Dereva: mkewe, imamu, Mwingereza wa nyumba ya tatu, hata mleta barua. Jina lake nililiona mara moja tu juu ya bahasha, na sitaliandika hapa kwa sababu yeye mwenyewe halitumii. Kazaliwa wapi huko Pemba, mtoto wa nani na mjukuu wa nani, hayo wako wanaoyajua vizuri kuliko mimi. Mimi nilihamia nyumba ya jirani nikamkuta ameshakuwa mzee, ndevu nyeupe, kucha nyeusi kwa oili, amestaafu kuendesha mabasi ya Landani. Gerejini kwake mlikuwa na gari moja la Kimarekani lisilo na injini, lisilo na viti, lisilo na vioo, na lenye kutu kiasi cha kutia mkono upande huu ukatokea upande wa pili.

Gari lile sote tuliliita Mmarekani. Lilikuwa la zamani, refu, pana, la milango miwili, la silinda nane, aina ile waliyowatengenezea vijana wa huko wenye haraka zao na barabara zilizonyooka. Dereva hakuwa kijana, hakuwa na haraka, na barabara yetu ina matuta sita. Lakini alikuwa ameshakata shauri. Alitaka alifufue kwa mikono yake, kisha asubuhi ya Idi alitoe gerejini, ashike usukani mwenyewe, aliendeshe mpaka msikitini Woolwich. Hilo tu. Alilisema siku ya kwanza niliyopelekwa gerejini kuonyeshwa, na akaendelea kulisema miaka kumi na moja.

"Jirani, siku hiyo we utakaa nyuma," aliniambia. "Mbele atakaa Mama Salma, akikubali."

Mama Salma, mkewe, alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. "Sikubali," alisema. "Mie simpandi mke mwenzangu."

Tangu siku hiyo nikazoea kumsikia akimwita Mmarekani mke mwenzake. Akitaka kujua mumewe yuko wapi huuliza, "Leo zamu ya nani?" Na akijibiwa gerejini, huguna, anaweka chai kwenye chupa ya moto na kumpelekea.

Dereva alikuwa amestaafu kwenye karatasi tu. Nyumba zile za Plumstead ukumbi wake ni mwembamba, wageni wakija husongamana mlangoni wakivua viatu. Basi yeye hutokea jikoni akasema kwa sauti ya kazi, "Sogeeni ndani, sogeeni, nafasi ipo nyuma," na watu wazima na heshima zao wakasogea. Nimemsikia akisema hivyo hata kwenye hitima. Hakuwa akifanya mzaha, na wala hakuelewa kwa nini watu wanaziba midomo.

Kuna desturi ya madereva wa mabasi ya Landani: wakipishana barabarani huinuliana mkono. Dereva hakuiacha. Atakuwa kituoni na mfuko wake wa mboga kutoka soko la Woolwich, basi linakuja, yeye anainua mkono kusalimia. Sasa, Landani ukiinua mkono kituoni maana yake unalisimamisha basi. Basi linasimama, mlango unafunguka, Dereva anamwambia mwenzake, "Nenda tu, nilikuwa nakusalimu." Mara nyingine nilikuwa pembeni yake, na nilikuwa nikijifanya natafuta kitu kwenye mkoba. Wapo madereva waliocheka, wapo waliotukana. Yeye aliwajibu wote kwa kuinua mkono tena.

Gari lake mwenyewe la kutembelea hakuwa nalo. Mtu aliyejua kila nati ya injini ya silinda nane alikwenda kila mahali kwa basi, kwa kadi yake ya wazee, akakaa kiti cha mbele cha ghorofa ya chini akihukumu. "Huyu anabana breki mapema," ataninong'oneza. "Huyu hajui kona. Huyu mzuri, huyu ana mkono." Alikuwa mkali wa saa kupita kiasi. Ukimwambia utafika saa nne, saa nne na dakika tano anakupigia simu kukuuliza kama umekufa. Na mtu huyuhuyu alitumia miezi saba kwenye kabureta moja, akaifunga, ikafanya kazi, akaifungua upya kwa sababu hakupenda ilivyokohoa.

Kwa nini Mmarekani? Nilimwuliza mara tatu kwa nyakati tofauti, na kila mara nilipewa jibu jingine. Mara ya kwanza alisema gari za Kijapani haziharibiki, sasa utatengeneza nini. Mara ya pili akasema anapenda mlio wake tu. Mara ya tatu alikuwa amechoka, mgongo unamuuma, tumekaa juu ya makreti ya soda gerejini. Alisema, "Miaka ishirini na nane, jirani, nimeendesha gari la watu, njia waliyoipanga watu, nikasimama waliponiamuru watu kwa kubonyeza kengele. Nataka niendeshe kitu changu. Hata kwa maili mbili." Jibu hilo nililiamini, na kwa sababu ya jibu hilo nilikuja kufanya makosa ambayo mpaka leo yananitia haya.

Nilete na habari ya usukani. Mmarekani usukani wake uko kushoto, kama ilivyo huko kwao. Dereva maisha yake yote, Pemba na Landani, alikaa kulia. Alijua vizuri kabisa kwamba usukani uko kushoto. Aliutoa, akausugua, akaurudisha kwa mkono wake. Hata hivyo kila alipotaka kujaribu kiti alifungua mlango wa kulia, akaingia, akakaa sawasawa, akanyoosha mikono miwili mbele yake, na pale pana dashibodi tupu. Tulikuwa tukicheka mpaka tunashika mbavu. Yeye hushuka kimya, akazunguka gari na kuingia upande wa pili, kama mtu aliyesahau miwani.

Jinsi alivyofanya kazi ilikuwa yake peke yake. Kila kitu alichokifungua alikitia kwenye kopo la aiskrimu, na juu ya kopo akabandika karatasi ya jina, kwa Kiswahili lakini kwa herufi za Kiarabu, alivyofunzwa utotoni. Ukuta mzima wa gereji ulikuwa makopo. Mimi nazisoma herufi hizo kwa taabu kidogo, na nilikuwa nikipenda kuzisoma: nati za madigadi ya nyuma, mbili zimeliwa; waya wa taa ya kushoto, usiuamini; sijui hiki ni nini, kimetoka chini. Makopo ya miaka ya mwanzo yaliandikwa kwa peni, herufi ndogo, safi, zimelala kwenye mstari. Ya miaka ya kati yaliandikwa kwa kalamu nene. Ya karibu na mwisho, neno moja lilijaza karatasi nzima na kumwagikia kwenye kopo. Kisha akaacha kuandika kabisa, akawa anafunga uzi: fundo moja ni mbele, mafundo mawili ni nyuma. Niliyaona yote hayo kwa macho yangu mazima. Nilimwambia ana ubunifu.

Na mimi kazi yangu ni macho. Duka la miwani, Woolwich. Nakaa mbele, napanga miadi, nawachagulia watu fremu, nawaambia imekupendeza. Kila siku ya Mungu naona watu wakiingia mlangoni, na kabla hawajafika mezani kwangu nishajua nani haoni pembeni na nani anaona kwa mbali tu. Dereva hakuwahi kutia mguu dukani kwetu. Alisema bei za Woolwich ni za wazimu.

Mama Salma naye alikuwa na jambo lake. Akimwekea mumewe chai, alikuwa akigonga kikombe kwa kijiko mara mbili, ting, ting, kisha anaweka kijiko kwenye kisahani. Nilidhani ni mazoea ya wanawake wa kwao. Nikaanza hata kuiga nyumbani kwangu. Dereva husikia mlio, mkono wake ukaenda moja kwa moja kwenye kikombe bila kutazama. Ilikuwa nzuri kuiona. Ilipita miaka kabla sijajua kwamba mlio ule ndio uliokuwa ukimwonyesha kikombe kilipo.

Siku moja nilipelekwa mafunzo ya kazi ya nusu siku kwenye hospitali moja ya ng'ambo ya mto. Natoka nje ya kliniki ya macho, namwona Dereva amekaa kwenye benchi la ukutani, peke yake, mbali na nyumbani kwa mabasi mawili na kivuko. Alikuwa ametiwa ile dawa ya matone inayotanua mboni. Mkononi ana barua iliyokunjwa. Nilisimama mbele yake hatua mbili na hakunitambua mpaka niliposema shikamoo.

"Marahaba," alisema, na nikaona anavyogeuza kichwa kizima kunitafuta. "Jirani? Unafanya nini huku?"

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu la kwanza. Ningeweza kumwuliza. Ningeweza kukaa pembeni yake tu na kunyamaza, angeweza kusema mwenyewe. Lakini sisi tumelelewa kutomwaibisha mtu mzima, na mdomo wangu ukamfungulia mlango wa kutokea kabla sijafikiri. "Nimekuja kwa kazi, mzee. Umekuja kumtazama mgonjwa?"

"Ndiyo," alisema. "Nimekuja kumtazama mgonjwa."

"Mungu amponye."

"Amin."

Tulirudi pamoja kwa kivuko cha Woolwich, tukazungumza habari za bei ya vitunguu. Nilimshika mkono kwenye ngazi, nikajifanya mimi ndiye ninayeogopa kuteleza. Nilijiona nina adabu sana.

Mwaka uliofuata Mmarekani aliunguruma kwa mara ya kwanza. Nilikuwa jikoni kwangu na vikombe vilitikisika kabatini. Dereva alifanya injini nzima kwa vidole, na nasema hivyo bila kuongeza chumvi: alipapasa, akasikiliza, akanusa. Mkono wake ulijua nafasi ya plagi kuliko jicho la fundi yeyote. Alimleta fundi wa leseni kutoka Barking kukagua breki na chesisi, maana hakuwa mtu wa kubahatisha mambo ya breki, na fundi yule alikaa chini ya gari saa nzima akatoka akitikisa kichwa. Alisema hajaona kazi safi hivyo. Mama Salma alipika pilau siku ile, akasema ni ya harusi ya mke mwenzake.

Kikabaki kipande cha rangi.

Alitaka rangi ya ukwaju, ule ukwaju mkavu, hudhurungi iliyoiva. Alichanganya mwenyewe kwenye ndoo mbili, akapiga mwenyewe kwa kompresa, barakoa mdomoni, milango ya gereji wazi. Ndoo ya kwanza ilimtosha bodi nzima na mlango wa kushoto. Ndoo ya pili akaitumia mlango wa kulia. Ilipokauka aliniita.

Gari lote lilikuwa ukwaju kama alivyotaka, limeng'aa, unaweza kujitazama. Mlango wa kulia ulikuwa mwekundu. Hata si mwekundu wa kubishaniwa, mwekundu wa achari ya pilipili, kutoka mwanzo wa mlango mpaka mwisho wake, umekatika kama umechukuliwa kwenye gari lingine.

"Umeionaje?" aliniuliza. Alikuwa amesimama upande huohuo, mkono wake juu ya mlango wenyewe.

Lazima nieleze kidogo, nisionekane mwongo bure. Kwetu mtu akikuonyesha kitu chake kipya unasema masha Allah. Ukianza kutia dosari, hata iwe ya kweli, unaonekana una kijicho, na kesho kikipata msiba utatajwa wewe. Tena huyu ni mzee, ametaabika miaka kumi. Na nilijua kitu kimoja zaidi, ambacho nilikuwa nikikijua tangu pale kwenye benchi: nikisema mlango ni mwekundu, sitakuwa nimesema habari ya mlango.

"Masha Allah, mzee," nilisema. "Imetulia."

Ijumaa ile wakaja wanaume wa msikitini, kumi hivi, baada ya sala. Walilizunguka gari. Nilikuwa nimesaidia kuleta sambusa, nikawaona mmoja mmoja wakifika mlango wa kulia. Mmoja alisimama, akapitisha kidole, akanitazama mimi, nami nikatazama sambusa. "Masha Allah, Dereva," alisema. Wa pili akasema masha Allah. Imamu akasema masha Allah, akaomba dua. Mama Salma alisimama mlangoni na birika, uso wake hauna kitu. Dereva alifurahi siku ile mpaka akasahau kutuambia tusogee ndani.

Miezi mitano mlango ule ulisifiwa. Idi ilikuwa inakaribia, na Dereva akaanza kupanga njia atakayopita, taa kwa taa.

Salma, binti yao wa pekee, miezi hiyo alikuwa Manchester kwa kazi. Ni mtu mzima, ana ofisi yake, nyumba yake Barking. Kazaliwa Landani, Kiswahili anakisikia chote lakini hujibu kwa Kiingereza, na Kiingereza chake hakina hodi. Jumapili aliyorudi tulikuwa sote gerejini. Aliingia, akambusu baba yake mkono, akalizunguka gari mara moja. Akasema, tena bila kupunguza sauti: baba, mbona huu mlango mwekundu?

Dereva aligeuka. Si kumwelekea Salma, aligeuka kunielekea mimi. Alijua nimesimama wapi, kwa sababu nilikuwa nimeshika kikombe na kikombe kilikuwa kinatetemeka kwenye kisahani.

"Ni mwekundu?" aliniuliza.

Nilitazama chini. Hata hapo sikusema kitu.

Alifuta mikono kwa tambara, kidole kwa kidole, akatoka gerejini, akaingia ndani ya nyumba. Salma akaniuliza, "Auntie, what have I said?" na mimi nikamwambia hukusema kosa, mama. Ndilo neno la kweli la kwanza nililolisema ndani ya gereji ile kwa muda mrefu.

Wiki tatu hakunijibu salamu. Nikipita anaitikia kwa kichwa kama anayemwitikia mtu mwingine, hata kama hapana mtu mwingine. Wanaume wa msikitini nao walimkosa, alisali nyumbani. Mama Salma aliniambia kwa juu ya ua, akianika nguo, kwamba anashinda dirishani akisema namba. "Namba gani?" niliuliza. "Namba za magari," alisema. "Anazihifadhi."

Wiki ya nne aliniita. Nilimkuta mezani na bahasha mbele yake: ile fomu ya kuongeza muda wa leseni ya udereva wanayoletewa wazee. Mama Salma akaleta chai. Aligonga kikombe cha mumewe, ting, ting, bila kujificha tena.

"Soma," aliniambia. "Neno kwa neno. Usinirukishie."

Nikasoma, nikamfasiria. Jina, anuani, moyo, kifafa. Nikafika pale.

"Hapo wanauliza macho," alisema kabla sijatamka.

"Ndiyo, mzee."

"Namba za gari zote za mtaa huu ninazo hapa," alisema, akigusa kichwa. "Wakija kunipima macho mlangoni kwangu, wakitaka niwasomee namba ya gari kwa mbali, n'tawasomea. Ya kijani, ya Mwingereza, ya yule Mpolandi. Zote."

"Na yule Mpolandi akiegesha pahala pengine?"

Alichukua chai, akanywa, akaiweka. Mama Salma hakuondoka, alisimama nyuma ya kiti chake.

"Basi wewe," alisema. "Wewe unayekaa na macho ya watu kutwa. Fomu hii ingekuwa yako, ungeandika nini?"

Nilikuwa nimejizoeza kuisema habari hiyo kwa wiki nne, nikiosha vyombo, nikiwa kwenye basi, na bado ilitoka kwa shida. Nikamwambia kwamba mlango wa kulia ni mwekundu kama achari na gari lote ni ukwaju, na nimeuona hivyo tangu dakika ya kwanza. Nikamwambia habari ya makopo, herufi zilivyokuwa zikikua. Nikamwambia siku ile ng'ambo ya mto nilisimama hatua mbili mbele yake na hakuniona. "Na pale hospitali, mzee, hukuwa na mgonjwa wa kumtazama."

"Nilikuwa naye," alisema. "Mgonjwa alikuwa mie."

Akaeleza mwenyewe, kwa sauti ya kawaida, kama anayetoa taarifa ya njia iliyofungwa. Ni presha ya macho. Pembeni kumekufa kote, katikati kumebaki kipande, na kipande chenyewe rangi zake zimechuja. Dawa anatia kila siku, na haitarudisha kilichokwenda. Alidhani kipande kile kitamfikisha Idi moja.

"Mbona hukunambia mlango?" aliuliza.

"Niliona haya."

"Haya zako," alisema, na hapo sauti yake ilipanda, "zingeniacha nitoke na gari la silinda nane, Plumstead Road, asubuhi ya Idi, watoto wa watu wamejaa njiani na nguo mpya. Ulilifikiria hilo? We, na imamu, na masha Allah zenu?"

Nililia. Sikulia kwa kugombezwa. Nililia kwa sababu nilikuwa nimelifikiria, mara nyingi, na nikanyamaza vilevile.

Aliniacha nimalize. Kisha akasema niandike ukweli pale penye macho, wote, bila kupunguza. Nikaandika. Nikaweka rula chini ya mstari wa sahihi, nikamshika kidole nikakiweka kwenye rula, akatia sahihi. Ilitoka nzuri, ndogo, safi, kama herufi za makopo ya mwanzo. Leseni yake akaitoa kwenye pochi, akaipapasa pande zote mbili, akaitia ndani ya bahasha na kuilamba mwenyewe.

Idi ile Mmarekani hakutoka. Salma alitaka mlango upigwe rangi upya, akasema atalipia yeye fundi. Dereva alikataa katakata. "Mumeusifu miezi mitano," alisema mbele ya watu wote msikitini, siku aliyorudi. "Uacheni hapo ulipo. Kila atakayetaka lifti kwangu ataingilia mlango huo." Wanaume walicheka kwa kuona haya, nami nikacheka pamoja nao.

Mwaka mzima uliofuata, Jumapili, nilikuwa nikiwaona yeye na Salma wakitoka. Salma ndiye anaendesha. Walikwenda kwenye uwanja mtupu wa kuegesha magari, na baba mtu akamfunza gari la usukani wa kushoto kwa masikio. Salma aliniambia baba yake haoni hata ukingo wa barabara, lakini yeye akichelewesha klachi nusu nukta anapigiwa kelele.

Sasa wamehama, wanakaa Barking kwa binti yao, na ile gereji ya pale jirani wageni wamejaza baiskeli. Ninapomkumbuka, nakumbuka asubuhi ya Idi iliyofuata baada ya mwaka huo.

Alitoka nyumbani na kanzu nyeupe na kofia aliyoshonewa na mkewe. Salma alikuwa ameshakaa kushoto, kwenye usukani, hijabu ameifunga nyuma vizuri. Dereva hakuzunguka gari. Alikwenda moja kwa moja mlango wa kulia, ule mwekundu, akaufungua, kwanza akatuinamishia kiti tupite nyuma, Mama Salma na mimi. "Sogeeni ndani," alisema, "nafasi ipo nyuma." Mama Salma aliingia na bakuli la vitumbua mapajani, akilalamika kwamba mke mwenzake hana mlango wa kupandia mtu wa heshima. Kisha Dereva akaingia, akakaa sawasawa. Mikono yake miwili akaiweka juu ya magoti.

Tulishika Plumstead Road taratibu, injini ikivuma. Watu walisimama kututazama. Kwa aliyekuwa akija mbele yetu, jinsi magari ya Landani yalivyo na usukani kulia, mzee mwenye kanzu aliyekaa kulia ndiye aliyeonekana akiendesha.

Basi la kwanza alilisikia kabla sijaliona. Aligeuza sikio, akangoja likaribie, akainua mkono, wazi, juu ya dashibodi. Basi likapita.

"Amejibu?" aliuliza. Hakumwuliza Salma, wala mkewe. "Jirani. Amejibu?"

Mama Salma alinitazama.

"Hakujibu, mzee," nilisema. "Alikuwa akitazama kioo chake."

Aliushusha mkono gotini. "Anafanya kazi yake," alisema. Kisha akamwambia Salma asiogope gia ya tatu.

Karibu na soko la Woolwich, watu wamejaa pande zote mbili na kanzu zao na mabuibui yao mapya, akasikia basi lingine. Akauinua mkono mapema zaidi safari hii. Dereva wa basi lile alikuwa mwanamke, kijana. Aliona gari kubwa la ukwaju lenye mlango mwekundu na mzee amekaa pahala pa dereva, akatabasamu meno yote, akainua mkono wake mpaka juu.

"Amejibu?"

"Amejibu," nilisema.

Hakuniuliza kama ni kweli.